Kucha zangu zinachanika tabaka kwa tabaka: ni upungufu wa madini, ni kazi ya mikono, au ni jambo jingine?

#1 MamaBatiki (Morogoro)

Habari zenu wanajukwaa. Kwa muda mrefu sasa kucha za mikono yangu zimekuwa zikichanika kwenye ncha. Hazikatiki moja kwa moja, bali hujigawa katika tabaka mbili au tatu nyembamba, kiasi kwamba nikipitisha mkono juu ya kitambaa laini nyuzi hunasa na kuvutika. Vidole vilivyoathirika zaidi ni gumba, cha shahada na cha kati vya mkono wa kulia, ingawa mkono wa kushoto nao haujasalimika. Kazi yangu ni kutengeneza batiki, na hiyo ina maana kwamba mikono yangu hushinda kwenye maji, rangi na nta.

Jirani yangu anasisitiza kwamba huu ni upungufu wa kalsiamu, kwa kuwa nina pia vidoa vyeupe kwenye kucha mbili. Binti yangu naye amenionyesha ujumbe unaosambazwa kwenye simu, unaodai kwamba mtu mwenye afya lazima awe na ile hilali nyeupe kwenye shina la kucha za vidole visivyopungua vinane, na kwamba asiyekuwa nazo damu yake haizunguki ipasavyo. Mimi ninaziona kwenye vidole gumba peke yake. Naomba mwenye ujuzi anifafanulie, kwani nimeanza kuingiwa na hofu.

#2 Mwalimu_wa_Baiolojia

Ondoa hofu kuhusu hilali, dada. Hilo ndilo jambo jepesi kuliko yote uliyoyauliza.

Ukucha tunaouona ni bamba la seli zilizokufa, zilizojaa protini iitwayo keratini na kubanana tabaka juu ya tabaka. Bamba hilo halina mishipa ya damu wala ya fahamu, na ndiyo sababu kulikata hakuumi. Linatengenezwa na mzizi wa ukucha, yaani matriksi, ambao umejificha chini ya mkunjo wa ngozi ulio nyuma ya ukucha. Seli mpya zinapozaliwa pale, huzisukuma mbele zile za zamani, nazo hufa, hukauka na kuwa ngumu zikiwa safarini kuelekea kwenye ncha ya kidole. Hilali ni sehemu ya mbele ya mzizi huo huo, iliyochungulia nje ya ngozi. Kwa watu wengi huonekana vizuri kwenye kidole gumba, na kwenye kidole cha mwisho huwa imefunikwa kabisa. Kwa hiyo anayehesabu hilali anahesabu tu mahali ambapo ngozi imeishia. Kubadilika kwa rangi yake ni habari nyingine, ila idadi yake haipimi mzunguko wa damu.

Rangi ya waridi unayoiona katikati si ya bamba lenyewe. Ni ya kitanda cha ukucha, ile nyama laini iliyo chini yake na yenye mishipa mingi ya damu. Utando mwembamba ulioganda kati ya mkunjo wa ngozi na bamba, ambao saluni nyingi huukwangua wakidhani ni uchafu, ni kizibo kinachozuia maji na vijidudu visiingie kwenye mzizi.

Kuhusu kalsiamu, kiasi chake ndani ya ukucha ni kidogo mno. Ugumu wa ukucha unatokana hasa na vifungo vya salfa vinavyoshikanisha nyuzi za keratini. Vidoa vyeupe kwa kawaida ni makovu ya mzizi kugongwa au kubanwa, hata kwa jambo dogo ambalo mtu hakulitia maanani, na huonekana wiki kadhaa baadaye wakati sehemu iliyojeruhiwa inapotokeza. Ukucha wa mkono hukua takriban milimita 3 kwa mwezi, na wa mguu nusu ya hapo au pungufu. Vitazame vidoa vyako: vikisogea mbele pamoja na ukucha mpaka ukavikata, basi jibu umelipata.

#3 SaluniYaKona

Ahsante mwalimu, somo limeingia. Mimi niliyefanya kazi ya kucha kwa miaka mingi ninasema kuchanika kwa tabaka ni asetoni, ile dawa ya kuondolea rangi, na jeli. Mteja anabandikwa kucha bandia, anakaa nazo wiki tatu, halafu anazibandua mwenyewe kwa meno au kwa kisu akiwa nyumbani, na pamoja na jeli unatoka uso wa juu wa ukucha wake wa asili. Mwulizeni kwanza kama anabandika.

#4 MamaBatiki

Sijawahi kubandika, dada. Ninachotumia ni hina wakati wa sikukuu na harusi, na rangi ya kawaida mara chache sana.

#5 Kijana_wa_Ilala

Mwalimu, pamoja na heshima zote, kama si kalsiamu, mbona bibi yangu alipoanzishiwa maziwa kila asubuhi kucha zake zilipona? Nililiona kwa macho yangu.

#6 Mwalimu_wa_Baiolojia

Sina sababu ya kukataa ulichokiona, mwanangu, ila kitafsiri kwa uangalifu. Ukucha mzima wa mkono hubadilika kwa miezi minne hadi sita. Chochote utakachokitumia kwa muda huo, iwe maziwa au dua, kitaonekana kuwa ndicho kilichoponya, kwa sababu ukucha ulioharibika umekwisha kukatwa na kutupwa. Pia maziwa yana protini, na mzee aliyekuwa akila kidogo anaweza kunufaika nayo bila kalsiamu kuhusika.

#7 Muuguzi_Mstaafu (Tanga)

Shikamooni wakubwa, na wadogo hamjambo. Nimesoma #1 na #4 na ninaona kwamba tumeruka swali la kwanza kabisa ambalo muuguzi angemwuliza mama wa umri wa kuzaa: hali ya damu ikoje?

Upungufu wa madini ya chuma huzifanya kucha ziwe nyembamba na dhaifu, zikachanika kwa urahisi, na ukiendelea huzifanya bapa. Hatimaye huwa na mbonyeo katikati na kingo zilizoinuka kama kijiko. Katika ukanda wetu wa pwani tumewaona wengi kwa sababu ya safura, yaani minyoo inayonyonya damu tumboni, pamoja na hedhi nzito, uzazi wa karibu karibu na ulaji wenye chai nyingi kuliko mboga. Chai inayonywewa pamoja na chakula hupunguza ufyonzwaji wa chuma kinachotoka kwenye mimea, na sisi tunainywa na kila kitu.

Jaribu jambo hili. Laza kidole juu ya meza, ukucha ukitazama juu, kisha dondosha tone moja la maji katikati ya ukucha. Kwenye ukucha wenye mgongo wa kawaida tone huteremka pembeni, na kwenye ukucha uliobonyea hutulia pale pale. Halafu nijibu bila haya: je, unatamani kula udongo, mchele mbichi au barafu? Je, siku zako ni nzito?

Na kwa binti aliyetishwa na ujumbe wa hilali, mzunguko wa damu kwenye kidole hutazamwa kwa njia nyingine. Ukibonyeza ukucha unakuwa mweupe, na ukiachia waridi hurudi ndani ya sekunde 2 hivi. Ndiyo maana tulikuwa tukiwaomba akina mama wafute rangi za kucha kabla ya kuingia chumba cha upasuaji, maana kitanda cha ukucha kinatuonyesha upesi mgonjwa anapokosa hewa.

#8 MamaBatiki

Mama, umenigusa. Mchele mbichi ninautafuna kila ninapouchambua, na wanangu wamezoea kunikemea. Siku zangu ni nzito tangu nilipojifungua kitinda mimba. Nimefanya jaribio la tone: kwenye kidole cha shahada cha kulia lilitulia kwa muda, lakini kwenye vingine vyote liliteleza. Kucha za miguu ni nzima kabisa, hazichaniki wala hazijabonyea.

#9 Bint_Lamu

Hiyo sentensi ya mwisho isipitwe. Kama tatizo lingekuwa la damu peke yake, ningetarajia mikono yote miwili iathirike kwa kulingana zaidi, na si mkono wa kulia, kwenye vidole vitatu vile vile vinavyoshika kitambaa kinapotoka kwenye rangi. Mahali tatizo lilipo ni ushahidi.

Mimi ni msusi, na zamani nilikuwa nikipaka dawa ya kulainisha nywele mikono mitupu. Dawa kali za aina hiyo zina kostiki, na kazi yake ni kuvunja vifungo vya salfa ndani ya unywele ili ulegee na kunyooka. Mwalimu ametueleza katika #2 kwamba vifungo hivyo hivyo ndivyo vinavyoupa ukucha ugumu. Sasa watu wa batiki nao hutumia kostiki kuyeyushia rangi, pamoja na ule unga unaouzwa nayo. Dada, unavaa glavu?

Hata bila kostiki, maji peke yake yanatosha kuleta madhara. Ukucha hufyonza maji ukavimba, ukikauka unasinyaa, na jambo hilo likijirudia mara nyingi kwa siku gundi iliyo kati ya tabaka hulegea. Waulizeni madobi, mama lishe na wauza samaki jinsi kucha zao zilivyo.

#10 Muuguzi_Mstaafu (Tanga)

Bint Lamu, hoja yako ina uzito, lakini tahadhari na hitimisho la haraka. Ukucha ulio dhaifu kwa sababu ya damu utachanika kwanza pale unapotumika zaidi, yaani kwenye mkono wa kazi. Kwa hiyo kulia kuzidi kushoto hakuiondoi damu kwenye orodha. Isitoshe, ninaona mara nyingi kwamba mbonyeo huanza kwenye gumba na kidole cha shahada, vinavyobanwa zaidi wakati wa kazi. Akapime hemoglobini, yaani wingi wa damu, na palipo na uwezo apime na feritini, yaani akiba ya chuma mwilini, kwa kuwa akiba ya chuma huisha kabla hemoglobini haijashuka.

#11 MamaBatiki

Glavu ninavaa wakati wa kuchanganya kostiki tu. Wakati wa kusuuza na kuchemsha nta itoke ninazivua, kwa sababu mikono inatoa jasho na kitambaa kinateleza.

#12 Mdau_Mwanza

Ndugu zangu, hapa kuna maneno mengi. Mke wangu alinunuliwa vidonge vya bayotini na kucha zikawa imara. Nunua, meza, maisha yaendelee.

#13 Mwanamaabara

Ninaomba kumjibu mdau wa #12 kwa sababu jambo hili linagusa kazi yangu moja kwa moja. Bayotini ni vitamini, na umaarufu wake ulianza kwa wafugaji waliokuwa wakiitumia kuimarisha kwato za farasi na nguruwe. Kwa binadamu wenye kucha dhaifu yapo majaribio machache na madogo yaliyoonyesha nafuu, nayo hayatoshi kumfanya mtu aseme kwa uhakika.

Hatari iliyopo ni nyingine. Vipimo vingi vya damu vya siku hizi, vikiwemo vya homoni za tezi ya shingo na kile cha troponini kinachotumika kutambua shambulio la moyo, vimebuniwa kwa kutumia bayotini ndani ya kemikali zake. Mtu anayemeza dozi kubwa anaweza kupata majibu ya uongo. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa tahadhari juu ya hilo mwaka 2017, na ikaikumbusha tena mwaka 2019. Mama Batiki, kama tayari unameza kitu cha aina hiyo, mweleze mhudumu kabla ya kutolewa damu, hasa wakiamua kupima tezi, kwa maana tezi isiyofanya kazi vizuri nayo hufanya kucha ziwe kavu na za kuvunjika. Hilo nalo liwekwe kwenye orodha.

#14 Mzee_wa_Wete

Assalaam aleikum. Ninyi vijana mnataja dawa zote isipokuwa hina. Mama zetu walipaka hina, wakafua, wakakuna nazi na kuosha vyombo kwa majivu, na kucha zao hazikuchanika. Tena hina haizuii udhu, kwa sababu inatia rangi tu bila kuweka ngozi juu ya ukucha, tofauti na hizi rangi za chupa. Na kucha zenyewe zikatwe kwa wakati. Tumefundishwa zisiachwe zikapita siku arubaini, na mwenye kuzikata kila Ijumaa ndiye aliyezitunza.

#15 Bint_Lamu

Waaleikum salaam mzee wangu. Kwamba hina haiweki ngozi ni kweli, kwa kuwa rangi yake hushikana na keratini yenyewe, na ndiyo maana haitoki mpaka ukucha ukue. Kama inaimarisha, sijui kwa nini mama zetu wanasema hivyo kwa sauti moja, ila ninakubali kwamba haiharibu. Ninachoomba ni tusiichanganye na piko. Piko nyeusi ya siku hizi mara nyingi ni rangi ya nywele yenye kemikali ya PPD, na nimemwona bwana harusi mikono imevimba na kutoa malengelenge siku ya pili ya ndoa.

#16 Muuguzi_Mstaafu (Tanga)

Niongeze moja kwenye hina, ingawa nje kidogo ya kucha: wasipakwe watoto wachanga. Wapo wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali inayopatikana sana kwenye maeneo ya malaria kama yetu, na kwa hao hina inaweza kuvunja chembe nyekundu za damu. Ngozi ya mtoto ni nyembamba, inapitisha.

#17 Shangazi_Hamburg

Salamu kutoka Ujerumani. Ninataka kurudi kwenye #3, kwa sababu SaluniYaKona amelaumu kubandua peke yake. Jeli na kucha bandia hutengenezwa kwa kemikali za jamii ya akrilati, zinazogeuka kuwa ngumu zikimulikwa kwa taa. Jeli isiyoiva vizuri ikigusa ngozi ya pembeni, mtu anaweza kupata mzio: ncha za vidole zinawasha, zinapasuka, ukucha unainuka kutoka kwenye kitanda chake. Mzio huo ukishaingia hautoki, na akrilati za jamii hiyo hiyo hutumika kwenye kazi za meno na gundi za upasuaji. Katika Umoja wa Ulaya, kemikali ya TPO iliyokuwa ikisaidia jeli kukauka imepigwa marufuku kwenye vipodozi tangu Septemba 1, 2025. Niliona wenzangu wakitupa makopo mazima. Ninaomba dada zetu huko nyumbani wasome maandishi kwenye chupa kabla shehena za namna hiyo hazijatafuta soko kwingine.

#18 SaluniYaKona

Nimekusikia shangazi, na nimekwenda kusoma chupa zangu. Mbili zinayo.

#19 Mdau_Mwanza

Tukiwa kwenye saluni, nani anazungumzia vijana wanaotembea mitaani na kitenga cha rangi, wakigonganisha chupa? Kisu kile kile cha kukwangulia kinapita miguu ya mtaa mzima.

#20 Mwanamaabara

Umenena, na hapa sitakupinga. Kirusi cha homa ya ini aina ya B kinaweza kubaki hai nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, hata kwenye damu iliyokauka ambayo jicho haliioni. Kukifuta kisu kwa kitambaa chenye spiriti hakutoshi. Vifaa vya chuma vioshwe kwa sabuni na brashi kwanza, ndipo vichemshwe au vilowekwe kwenye dawa ya klorini kwa muda ulioandikwa. Njia iliyo rahisi kuliko zote ni mteja kuja na kikata kucha chake na tupa yake. Na ule utando alioutaja mwalimu usikwanguliwe. Vidole vingi vinavyovimba na kutunga usaha kando ya ukucha, ule ugonjwa tunaouita mdudu wa kidole, huanzia kwenye jeraha la saluni au kwenye kijinyama kilichovutwa kwa meno.

#21 Dereva_wa_Masafa

Mimi nina mfereji uliokata kucha zangu zote kumi kwa upana, unapapasika kabisa kwa kidole kingine. Ulianza nyuma na sasa umefika katikati. Sishiki kemikali yoyote. Huu nao ni upungufu wa damu?

#22 Mwalimu_wa_Baiolojia

Uliugua sana miezi ya karibuni? Mwili unapozidiwa na homa kali, upasuaji au njaa, mzizi wa ukucha unaweza kusimama kufanya kazi kwa muda, na pengo hilo hubaki limeandikwa kwenye kucha zote kwa mstari mmoja. Daktari Mfaransa Joseph Beau alieleza jambo hili mwaka 1846, na mifereji hiyo ina jina lake hadi leo. Chukua rula, pima kutoka mkunjo wa ngozi hadi kwenye mfereji, kisha gawa kwa milimita 3: utapata takriban miezi iliyopita tangu ulipougua.

#23 Dereva_wa_Masafa

Ni milimita 7. Mwalimu, huo ndio wakati nilipolazwa kwa homa ya dengi Dar es Salaam. Nimestaajabu.

#24 Kijana_wa_Ilala

Basi mwalimu tueleze na hili: ni kweli kwamba kucha za maiti huendelea kukua? Na kwa nini za wazee hukua polepole?

#25 Mwalimu_wa_Baiolojia

La kwanza si kweli. Ngozi ya maiti hukauka na kurudi nyuma, na ukucha ukaonekana umerefuka. La pili ni kweli, na ushahidi wake mzuri ni wa daktari mmoja wa Marekani, William Bean, aliyepima ukuaji wa ukucha wake mwenyewe kwa miaka 35. Akiwa na umri wa miaka 32 ulikua milimita 0.123 kwa siku, na alipofika miaka 67 ulikuwa umepungua hadi milimita 0.095. Umri nao unaondoa unyevu na mafuta, na mistari ya urefu inayotokeza kwenye kucha za watu wazima mara nyingi ni uzee tu. Sisemi kwamba Mama Batiki ni mzee.

#26 Mkulima_Babati

Mimi nimesoma uzi wote na ninashangaa hakuna aliyetaja fangasi. Kucha zangu za miguu zilikuwa za njano, nene, zikimeguka kama unga. Nilipaka krimu ya dukani bila nafuu.

#27 Muuguzi_Mstaafu (Tanga)

Baba, za kwako yaelekea ni fangasi kweli, lakini za Mama Batiki hazifanani: ni nyembamba, hazijawa nene wala za njano. Krimu haiwezi kupenya bamba nene. Kinachotibu mara nyingi ni vidonge vya tabinafini, wiki 6 kwa kucha za mikono na wiki 12 kwa za miguu. Hata vikimalizika, ukucha wa mguu unahitaji mwaka au zaidi kubadilika wote, kwa hiyo usikate tamaa mapema. Visimezwe kabla ya kuthibitishwa kwa kukwangua kucha kidogo na kuzitazama kwa hadubini, kwa sababu soriasisi, ugonjwa wa ngozi usio fangasi, hufanana sana nayo na vidonge hivyo vinahitaji ini lenye afya. Kwa walio kanda ya kaskazini, Moshi pale hospitali ya KCMC pana kituo kinachofundisha wataalamu wa ngozi wa nchi nyingi za Afrika tangu mwaka 1992, na kucha ni sehemu ya kazi yao.

#28 Mgeni_wa_Kisumu

Samahani kwa kuchelewa. Mimi nina mstari mweusi wa urefu kwenye ukucha wa gumba. Ni wa tangu zamani, au tuseme sikumbuki ulianza lini. Niutie maanani?

#29 Mwanamaabara

Kwa watu wenye ngozi nyeusi mistari ya namna hiyo ni ya kawaida, huongezeka kadiri umri unavyokwenda, na kwa kawaida hutokea kwenye vidole kadhaa. Baadhi ya dawa nazo huileta, ikiwemo zidovudini, dawa ya VVU. Mstari unaostahili kuonwa na daktari bila kuchelewa ni ule ulio kwenye kidole kimoja tu, unaopanuka, wenye kingo au rangi zisizolingana, hasa weusi ukianza kuvuka na kuingia kwenye ngozi iliyo nyuma ya ukucha. Bob Marley alidhaniwa ameumia kidole cha mguu kwenye mpira. Mwaka 1977 iligundulika kuwa ni saratani ya ngozi chini ya ukucha, naye akafariki mwaka 1981 akiwa na miaka 36. Wako ni wa kidole kimoja na hukumbuki mwanzo wake. Nenda ukaonwe, na kabla ya kwenda piga picha ukiwa umeweka rula pembeni.

#30 MamaBatiki

Nimerudi na majibu. Hemoglobini ni 10.8, choo hakina minyoo, tezi haikupimwa. Nimepewa vidonge vya chuma, nimeambiwa nivimeze na juisi ya machungwa na chai niisogeze mbali na mlo. Nimenunua glavu ndefu na ninavaa za pamba ndani yake ili zifyonze jasho, kama msusi mmoja wa soko la hapa alivyonielekeza. Usiku ninapaka mafuta ya nazi kwenye kucha na ngozi ya pembeni zikiwa bado na unyevu.

#31 Muuguzi_Mstaafu (Tanga)

Kwa mwanamke asiye mjamzito, chini ya 12 ni upungufu. Nilihisi. Endelea na vidonge hata baada ya kizunguzungu kuisha, maana akiba hujazwa kwa miezi. Na hedhi hiyo itafutiwe chanzo.

#32 Bint_Lamu

Ninafurahi kwamba damu imegunduliwa, na mama yetu wa Tanga anastahili shukrani. Hata hivyo amebadilisha mambo matatu kwa wakati mmoja, chuma, glavu na mafuta, na kucha zikipona hatutajua ni lipi lililofanya kazi. Kucha za miguu bado hazijaelezwa.

#33 Mwalimu_wa_Baiolojia

Yeye anatafuta kupona, si kuandika tasnifu, Bint Lamu.

#34 Fundi_Batiki_Arusha

Nimejiunga leo ili nichangie, kwa kuwa kazi yangu ni hiyo hiyo. Damu yangu ni 13, sili mchele mbichi, glavu ninavaa tangu mwanzo hadi mwisho, na bado kucha tatu za mkono wa kulia zinachanika kama za mwenzangu. Mkono huo ndio ninaokwangulia nta iliyobaki kwenye kitambaa, na ninatumia ncha za kucha nikiwa ndani ya glavu. Je, Mama Batiki nawe unakwangua nta kwa kucha, au una kifaa?

#35 MamaBatiki

Ninakwangua kwa kucha, dada, kwa vidole vile vile vitatu. Wewe unadhani kifaa gani hakitachana kitambaa?